Shanga za Ada

Desemba ishirini, Kilembe, mvua imekatika.
Nimemwaga pochi juu ya jamvi:
elfu kumi na moja na mia tano,
kifungo kimoja,
risiti ya unga.
Kwetu sisi Bakonzo jina ni hesabu,
ukiita wanao umekwisha kuwahesabu:
Masika, msichana wa kwanza, Biira anamfuata,
Baluku, mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili.
Wanne. Gawanya.
Nimegawanya mara tatu
na mara zote tatu mchele umemeza kila kitu.

Sokoni Kasese kuna mwanasesere wa elfu ishirini,
ukimlaza anafumba macho.
Nilimlaza, nikamwinua, nikamlaza.
Mwenye duka akakohoa.
Nikapanda nyumbani kwa miguu, nauli nikaiokoa.

Usiku nikafungua sanduku la makaratasi.
Barua za shule, muhula baada ya muhula:
*Mzazi mpendwa, tunakukumbusha kwa heshima…*
Karatasi nzito, nyeupe, muhuri wa zambarau pembeni.
Deni ni deni,
lakini karatasi ilikuwa nzuri.
Nikachukua mkasi.

Unakata pembetatu ndefu, nyembamba kama ulimi wa kinyonga.
Unaanzia kwenye upana, unaviringisha juu ya spoku ya baiskeli,
ncha unaipaka uji mzito wa muhogo.
Ukikaza mno inachanika,
ukilegeza inafumuka
kama maneno ya baba yao aliye Mbarara,
"mwezi ujao," mwaka wa pili huu.
Shanga mia moja na arobaini.
Taa ya sola ikazimika kwenye ya tisini na kitu,
zilizobaki nimezikunja kwa kupapasa.
Za kung'arisha, Kabugho wa saluni
alinipa rangi ya kucha iliyobaki chupani.
Nikampelekea fungu la nyanya.
Hatukuulizana bei.

Mpira wa Bwambale ni nyuzi za mgomba,
huo mikono yangu iliusuka bila kuniuliza,
inaukumbuka tangu nikiwa mdogo.
Gari la Baluku ndilo lililonitesa:
waya, magurudumu ya vizibo vya soda,
nikilisukuma linakwenda upande kama mlevi.
Nikalikunjua, nikalikunja. Bado upande.
Basi. Nikajiambia, hili ni gari la barabara ya Kilembe,
linakwepa mashimo.
Baluku alikuwa amekwisha kuliona chini ya kitanda.
Alijifanya hajui, siku tatu nzima.
Hiyo nayo nimeihesabu kuwa zawadi.

Asubuhi ya Krismasi Biira akageuza ushanga mmoja juani.
"Mama, hapa pameandikwa *salio*."
"Ni jina la ua," nikasema.
Masika, ambaye barua zile huzisoma kabla yangu,
alicheka hadi akashika ukuta.
Kisha akaacha kucheka,
akainamisha shingo nimfunge.

Kanisani, baada ya ibada, mwalimu mkuu
Madamu Ithungu akamsimamisha binti yangu,
akashika shanga kwa vidole viwili
kama mtu anayechagua maharage.
"Kazi safi! Karatasi gani hii inayong'aa hivi?"
Nikatazama viatu vyangu. Viatu havikunisaidia.
"Ya shuleni kwetu, Madamu," akasema Masika.

Alikaa kimya muda wa kutosha kuchemsha yai.
Halafu mabega yake yakaanza kutikisika,
kicheko kikamtoka cha mama wa sokoni,
si cha ofisini.
"Nitengenezee mbili. Dada zangu watanionea wivu."
"Nitatengeneza," nikasema. "Karatasi unaleta mwenyewe."

Januari barua ikaja, mkononi mwa Bwambale,
imekunjwa mara mbili.
*Mzazi mpendwa.*
Salio lilikuwa pungufu kidogo,
bei ya mikufu miwili, hata senti haikuzidi.
Nikaisoma yote hadi sahihi, ni haki yake.
Kisha nikaipima upana kwa vidole.