Sauti ya Kuazima

Kwenye ubao wa nje niliandika kwa chaki:
LEO TUZO ZA MALAYALAM, MOJA KWA MOJA, MIA TATU TU.
Neno lile lina ukorofi wake: lisome kwa mbele,
lisome kwa nyuma, linakurudisha ulikotoka.
Rogathe alilisoma kinyumenyume hadi mlangoni
akidai punguzo.

Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga:
kibanda cha mabati, mabenchi kumi na moja,
na mimi, Eliatosha, kwenye kiti cha plastiki,
maiki yangu imefungwa kwa utepe wa fundi umeme.
Miaka tisa nawasemea watu wasionijua.
Nimekuwa padri, mwizi, mama mkwe na mkamwana
ndani ya ugomvi mmoja, bila kumeza mate.
Nimekufa mara arobaini, na kesho yake nikakata tiketi.

Lugha yao nilipewa na Sista Annamma wa wodi ya mifupa
nilipolala wiki saba, mguu umening'inizwa kama ndizi za kuiva.
Kila sindano, neno moja.
Alisema kwao kuna vilima, kahawa na migomba;
nikadhani ananibembeleza,
mpaka filamu ya kwanza, benchi la nyuma lilipopiga kelele:
"Aa, hapo si Kibosho! Hapo ni kwa akina Lyaruu!"
Nikawaacha. Mgomba hauna pasipoti.

Kila mwaka jimbo lao linawaita wasanii wake jukwaani.
Kule saa moja usiku, kwetu saa kumi na nusu,
jua la Moshi likipenya matundu ya misumari
na kuwatia waheshimiwa madoadoa usoni.
Mwigizaji bora: nikamshangilia kwa sauti nene.
Mpiga picha. Mtunzi wa muziki.
Hotuba ya waziri niliifupisha: "Anasema asanteni."
Kibanda kikacheka. Waziri akaendelea dakika kumi na mbili.

Halafu Sista, aliyekuja na sare yake ya zamu,
akanivuta shati. "Hii sikiliza."
Tuzo ya sauti.
Ya yule anayesema, mwingine akifumbua mdomo.

Akapanda mama mfupi, sari nyeupe yenye pindo la dhahabu,
Omana jina lake, miwani imefungwa kwa uzi.
Wakaonyesha vipande: yule binti wa filamu ya mafuriko,
yule mjane wa kiwanda cha korosho,
yule hakimu tuliyemwogopa sote hapa Pasua.
Nyuso tatu, koo moja.
Miaka tisa nilidhani namfuata mrembo yule,
kumbe namfuata huyu;
nimepanda mgongoni mwa aliyepandwa mgongoni,
na juu yangu watoto wamekaa, wanakula karanga.

Alisimama mbele ya maiki. Hakusema.
Mimi sijawahi kuacha kimya kipite bure:
mlango ukifungwa nasema umefungwa,
mvua ikinyesha nawaambia imenyesha, na wao wanaiona.
Nikavuta pumzi nimsaidie, ndiyo kazi yangu.
Nikapapasa kooni. Kila sauti niliyoigusa
ilikuwa na mwenyewe.
Benchi la nyuma likauliza kama umeme umekatika.

Kisha akatamka neno moja, dogo,
neno langu la kwanza wodini, la sindano ya kwanza.
"Maji," nikasema. "Anaomba maji."
Sikukoleza. Baadaye niliona maiki nilishaizima,
lakini walisikia,
na Rogathe, aliyeingia kwa mia mbili,
akainua chupa yake kuielekeza kwenye runinga,
akaishika hivyo, mkono ukitetemeka,
mpaka kule mtu alipoleta glasi.