Sekunde Thelathini, Barabara ya Bandari

Kamera niliinunua kwa mhandisi wa gesi
aliyekuwa anafunga virago Shangani,
pamoja na feni, na kijitabu cha maelezo
kwa lugha yenye herufi zilizovaa kofia.
Feni ilikufa mwezi wa tatu.
Kijitabu kinakingia mguu wa meza.
Kamera nimebaki nayo, tunafundishana.

Somo la kwanza nililipata mchana, kwa ujinga:
niliacha jicho wazi sekunde kumi
mbele ya duka la Binti Likwata,
nikapata karatasi. Nyeupe pe.
Hata duka halimo.
Hata deni langu halimo.

Somo la pili: kidole ni tetemeko.
Ukibonyeza, taa za mtaa zinaandika
mwandiko wa mtoto wa chekechea.
Basi nikailaza kamera juu ya kigunia cha choroko,
kigunia juu ya ndoo,
nikaiachia ijihesabie yenyewe, mbili, moja,
nami nikarudi nyuma, mikono mgongoni,
kama mgeni aliyeambiwa asiguse vyombo.

Nilitaka zile tepe nyekundu
ambazo taa za magari huziacha zikipita.
Nikaenda barabara ya bandari, msimu wa korosho,
nikidhani sitakosa magari.
Sikuyakosa: malori arobaini,
yamezimwa, foleni siku ya tatu,
utingo wamelala juu ya maturubai,
harufu ya magunia, na mahali fulani gizani
mabibo yaliyochacha.
Utepe hutaka mwendo.
Hapa mwendo ulikuwa unasubiri karatasi.

Aliyekuwa akitembea ni Hausi peke yake,
Hausi Mchopa wa mayai ya kuchemsha,
trei begani, tochi kwenye paji la uso,
pilipili kwenye kichupa cha dawa ya kifua.
Lori hadi lori,
akipanda ngazi ya mlango, akishuka,
akimenya, akirudisha chenji.
Nikafungua jicho. Moja, mbili…
thelathini.

Malori yakatoka na kila msumari wake,
maturubai na mikunjo yake,
utingo mmoja usingizini, mguu nje ya shuka,
hata kamba ya kandambili yake inahesabika.
Hausi hayupo.
Upo uzi mweupe, unapanda, unashuka,
unayapita malori yote
kama mshono wa fundi mwenye haraka.

Nikamwonyesha. Akafuta mikono kwanza.
"Huyu aliyelala umemwona. Mimi niko wapi?"
"Umo. Huu uzi."
"Huu uzi ni tochi. Mimi niko wapi?"
Nikamweleza kwamba jicho hili hukinga mwanga
kama watu wa Newala wanavyokinga mvua ya paa:
anayekaa, linamkinga hadi ajae;
anayepita, linapata kwake tone moja,
na tone moja halijazi.
"Miaka kumi na minane barabara hii," akasema.
"Sijawahi kuja na stuli."

Basi simama, nikamwambia. Sekunde thelathini tu.
Hata pumzi, pumua kwa adabu.
Akatua trei. Akafunga kifungo cha juu cha shati.
Nikahesabu kwa midomo.
Kwenye kumi na tisa, dirisha la lori la saba:
"Wee mayai! Mawili!"
Akachukua mawili, akaacha trei, akaenda.

Picha ikatoa shati nusu, tabasamu nusu,
na nyuma ya kifua chake, ndani ya kifua chake,
tairi la lori, nati zote sita.
Trei ndiyo ilitoka kamili,
kila yai na mviringo wake,
isipokuwa mawili pembeni, mepesi kama moshi.
Hausi aliliangalia tairi muda mrefu.
Kisha akayagusa yale mawili kwa kidole.
"Haya nimeshauza."

Saa tisa usiku karatasi ikafika.
Injini moja ikakohoa, ya pili ikaitikia,
taa nyekundu zikaanza kutembea kuelekea bandarini,
taratibu, mstari mmoja, kama nilivyoomba.
Betri yangu ilikuwa imekwisha.
Hausi alisimama kando yangu, ametulia kabisa,
akihesabu wateja wanaoondoka.
"Kesho," akasema, "nichemshe machache."