Mahindi ya Nyuma ya Jiko

Shangazi Mwanamkuu, usiyavunje bado.
Weka kisu chini. Nimekuja na karatasi.

Hapa nyuma ya jiko, Pongwe hapa,
ndipo baba alipokuwa akipasua betri za magari,
maji yake makali akiyamwaga mchangani,
akiyeyusha risasi kwenye sufuria isiyo na mkono
apate chubwi za kuwauzia watu wa nyavu kule Sahare.
Sare yangu ya shule ilitoka humo.
Daftari, kiatu, nauli ya kwenda Mlingano: humo.

Vuli zimepita ishirini na mbili.
Risasi haiozi, shangazi.
Ilikaa, ikangoja mzizi.

Mzizi una kiu, hauna macho.
Risasi ilibisha hodi imevaa kanzu ya kalisi,
mzizi ukasema karibu.

Na huko ndani haikumpiga mtu.
Iliivuruga hewa tu.
Oksijeni, iliyokuwa ikifanya kazi yake kwa adabu,
ikabaki na elektroni moja isiyo na mwenzi,
ikawa kama mgeni aliyekosa kiti harusini:
anamnyanyua aliyeketi,
na aliyenyanyuliwa anamnyanyua mwingine,
mpaka ukumbi mzima uko wima na pilau imemwagika.
Utando wa seli, ule wa mafuta, ukachacha
kama mafuta ya nazi uliyoyasahau dirishani.
Umbijani ukapauka.

Jani moja nililinywesha dawa,
kisha nikalichemsha kwenye spiriti
hadi kijani chote kikatoka, likawa jeupe kama sanda.
Yakabaki madoa ya hudhurungi.
Kila doa ni mahali mmea ulipoungua bila moshi.

Lakini usiudharau. Haukulala.
Ulituma vimeng'enya kuzima, usiku na mchana,
ukasuka nyuzi za salfa,
ukaikamata risasi, ikavutwa, ikafungiwa
katika chumba cha ndani kabisa cha seli.
Kazi hiyo ndiyo iliyokula urefu wake.
Ndiyo maana magunzi haya yana mapengo
kama kinywa cha Hoza alipokuwa na miaka saba.

Hayo ndiyo niliyokueleza Jumamosi ile.

Ulinitazama. Ilisikika mashine ya Shemhilu tu,
ikisaga mahindi ya watu.
Kisha ukauliza:
"Na sisi? Chumba hicho tunacho?"

Sikuwa nimeandaa jibu.
Kwenye karatasi kuna safu ya udongo,
safu ya mzizi, safu ya jani.
Safu yetu haipo.

Nikakimbilia chokaa. Nikasema tutaleta ya Kiomoni, magunia sita,
udongo ukipungua ukali, risasi huushika udongo
isipande kwa wepesi.
Nikasema mwakani tupande maua. Nikasema mengi.
Nilikuwa nikisema kama mtu anayelipa deni
kwa sarafu za mkopeshaji mwenyewe.

Ukaokota kisu.
Ulikata bua baada ya bua,
ukayarundika mbali na zizi.
"Mbuzi asiguse," ukaniambia,
kana kwamba ni wewe uliyesoma
na mimi ndiye niliyelima.

Bua la mwisho ulilishika kwa muda.
Ukalifuta vumbi kwa ncha ya kanga,
jani kwa jani,
kisha nalo ukalikata.