Chupa ya Machi

Samaki wanakuja Dodoma kwa basi la usiku,
ndani ya vichupa vya spiriti
vilivyoviringishwa pamba na gazeti la juzi.
Tasi, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha mwisho.
Wamepita Morogoro, wamepita Gairo,
wameshushwa Nanenane saa kumi alfajiri,
na mimi nimewafuata kwa bodaboda,
koti nimelifunga hadi kidevuni, baridi ya Julai haina adabu.

Bahari sijawahi kuiona.
Niliajiriwa kwa sababu ya ungo:
Dokta Mwaluko alinikuta Kikombo nachambua uwele,
natoa mchanga chembe kwa chembe,
akasema, mikono hiyo naitaka.

Kijiwe cha sikio la samaki
ni kidogo kuliko punje ya uwele.
Unafungua kichwa kwa sindano, unakitoa,
unakigandisha kwenye kioo kwa rangi ya kucha,
unakisugua kwa msasa laini, maji kidogo, pumzi kidogo.
Ukizidisha, umeufuta utoto wake wote.

Halafu hadubini. Halafu, umeme ukiwepo, pete.
Kila siku aliyoishi ameiandikia pete yake:
ya shibe pana, ya njaa nyembamba kama unywele.
Siku ishirini na sita za kuelea, hana anwani,
kisha alama nyeusi, usiku alioingia kwenye matumbawe
akakuta kila tundu lina mwenyewe
na kila mwenyewe ana meno.

Chupa ya Februari ilikuwa na wote,
waliokua haraka na waliokua kwa kusuasua.
Chupa ya Machi, mwamba uleule, wavu uleule,
wamebaki wale ambao pete zao za mwanzo ni pana.
Wengine hawamo.
Aliyeliwa haniletei kijiwe.
Namjua kwa pengo lake tu,
kama mwalimu anayeita majina asubuhi:
jina, kimya, jina,
kimya.

Mama ametunza kadi mbili za kliniki
kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya sikukuu.
Mimi na Ndahani tulizaliwa siku moja.
Mstari wake unapanda ndani ya kijani
kama mbuzi anayekijua kilima;
mtoto wa mashavu, majirani waligombea kumbeba.
Wangu ulishuka kwenye kijivu, ukazama kwenye nyekundu
mwaka ule mvua ilipokata Januari
na uwele ukakauka kabla ya kuchanua.
Pembeni nesi aliandika: *arudi wiki mbili*.
Mama alirudi, maili tisa, mmoja mgongoni, mmoja kifuani.

Mstari wa Ndahani unaishia mwezi wa kumi na tisa.
Surua.
Wangu unaendelea. Unaburuta tumbo, lakini unaendelea.

Jana, kijiwe namba arobaini na saba.
Chupa ya Machi. Pete nyembamba
tangu ya kwanza, nyembamba hadi kwenye alama nyeusi,
nyembamba hata baada yake.
Nilihesabu mara tatu. Nikafuta lenzi kwa khanga, nikahesabu tena.
Dokta akainama, akatazama kwa muda, akasema:
"Mmoja havunji kanuni, Nyemo.
Mwandike alivyo. Usimpendelee."

Sikumpendelea.
Nilikaa naye tu kidogo umeme ulipokatika,
upepo ukirusha vumbi jekundu kwenye vioo vya dirisha,
nikiwaza alijificha wapi, nyuma ya nani,
ni meno ya nani yaliyomkosa kwa upana wa pezi
siku sitini na moja,
hadi akafika Machi, mzima,
akakutana na wavu wetu.

Taa ziliporudi nikaandika:
47. Mwembamba. Alikuwepo.