Pipi ya Kijiti

Eleri alitusubiri langoni na ndoo ya kubebea koni za mazoezi,
akampa kila mzazi pipi moja ya kijiti.
"Leo nyonyeni," akasema. "Kelele tuwaachie watoto."

Tulicheka. Mvua ya Blaenau haikucheka,
ilishuka toka vilima vya mawe ya kuezekea
ikatupiga ubavuni, kama kila Jumamosi.
Mimi ni fundi wa mapaa. Nimezoea kupaza sauti:
leta ngazi, shika kamba!
Na wiki iliyopita, kwa sauti iyo hiyo,
nilimwita refa kipofu.
Refa ana miaka kumi na mitano. Jina lake Non.
Alipofika kwenye gari la mama yake mabega yalimtetema,
nami nikajifanya natafuta funguo.
Wasemao mdomo huponza kichwa
hawakusema ni kichwa cha nani.

Basi nikanyonya. Limau.
Dakika ya tatu Macsen wangu akapokonywa mpira,
neno likanipanda kooni kama kikohozi,
likakuta kijiti, likarudi.
Kando yangu Gwilym alikitafuna chake mpaka kikawa brashi.

Ndipo nikasikia.
Kumbe uwanja una sauti zake:
viatu vikinyonya tope,
mpira ukikata maji,
"Niko huku!" "Geuka, una muda!" "Pole, Ifan, ulikuwa wangu!"
Na sauti moja nyembamba ikiwapanga mabeki
kama mtu apangaye vikombe kabatini:
"Wewe hapo. Wewe rudi kidogo. Vizuri."
Nikanyoosha shingo. Huyu nani?

Macsen.
Macsen ambaye nyumbani hujibu kwa mabega,
ambaye mwalimu alimwandikia: mtulivu mno.
Miaka miwili nimesimama hatua tano kutoka kwake
nikimfunika
kama bati juu ya mche.

Tulifungwa manne kwa moja.
Bao la tatu mtu aliunawa, niliona kwa macho yangu mawili,
nikanyonya.

Kipenga cha mwisho. Non akapita mbele yetu
kama apitaye karibu na mbwa
asijue kama amefungwa.
Nilikuwa nimetunga hotuba nzima. Ikayeyuka na limau.
"Ahsante, refa," nikasema. "Na lile la wiki jana, samahani."
Akasimama. Akafuta mvua puani.
"Ule mkono," akasema, "sikuuona. Nilikuwa nimezibwa."
"Hata mimi," nikamwambia,
"miaka miwili."
Hakuelewa. Akatabasamu hivyo hivyo.

Garini Macsen akauliza kama koo linaniuma.
Hapana, nikasema.
Akanyamaza hadi daraja la reli,
kisha akaanza: yule winga wao, mbona hakabwi kulia,
na Ifan, na lile tope la langoni,
na nyumbani palikuwa karibu mno,
nikapunguza mwendo.