Wayo wa Kuku wa Ipuli

Tumemaliza ukuta,
lipu imeshatakata,
rangi inameremeta,
Tabora, kwetu mjini.

Baba asema, "Masele,
vile vipande vya pale
vya tofali, visilale,
vifukie mtaroni."

Nikaokota kimoja;
wayo wa kuku mmoja
umeganda, waningoja
kwenye tope la zamani.

Kuku alipita mbio,
tope bichi, siku hiyo,
Mama yu na ufagio,
kalibu zi uwanjani.

Ukuta umesahau,
una rangi na dharau;
kipande hiki, walau,
bado kinayo moyoni.

Dada Milembe, mwalimu,
akasema: "Ni muhimu!
Masalio, ufahamu,
yapo tele na angani.

"Dunia ilipojengwa
na sayari zikiungwa,
mawe mengi yakatengwa,
yakabaki kiwanjani.

"Yaitwa asteroidi,
yako mengi, yamezidi,
hayana hewa, baridi,
mawe ya kila uzani.

"Upite kwanza Mirihi,
Mshtarii usiwahi,
ndipo yalipo, sahihi,
mengi yako mzingoni.

"Lipo kubwa kama Nzega,
lipo dogo kama boga,
na yote hayana woga
kuzungukia gizani.

"Moto, mito, nayo mvua
Dunia vimesugua;
haikumbuki kukua,
kama sisi utotoni.

"Jiwe lililosalia
bado limeshikilia
vumbi la kale, na pia
maji ndani ya madini.

"Chombo kilikwenda mbali,
kikachota kwa akili
vumbi, konzi kama mbili,
kikarudisha nyumbani."

Nikashtuka, nikanena:
"Je, likija kugongana?"
Alicheka: "Tunaona,
tuna macho, darubini.

"Watu hukesha usiku
wakipima kila siku
njia zao, kule, huku,
tusikutwe vitandani."

Baba aja na toroli:
"Mbona hujaweka hili?"
Nikajibu: "Ni dalili,
lisiende mtaroni.

"Kuku tulimtafuna,
mifupa hata hatuna;
wayo wake bado una
mbio zilezile ndani."

Baba kakuna kidevu,
hakusema neno kavu;
akakifuta majivu,
kakiweka dirishani.