Kata ya Maji

Umeme umekatika Kuze. Nasahihisha madaftari kwa mshumaa,
na shangazi, Bi Mkawasiti, apima bafta kwa dhiraa ya mkono wake:
kuna maiti ya asubuhi, mke wa fundi saa.
"Soma kwa sauti," asema, "nisisinzie."

Namsomea: makuhani wa Misri ya kale
walinyoa hata nyusi,
wakaoga maji baridi mara mbili mchana, mbili usiku,
hawakuvaa sufi, kitani tu,
samaki hawakuonja,
na kunde hawakuzitazama hata kwa jicho la pembeni.

"Kunde? Na mahamri wakila na nini?"
Acheka mpaka mkasi wamponyoka.
Kisha, polepole: "Lakini hao ni waosha wenzangu.
Wakisemani wakimimina maji?"

Hapo kitabu chanyamaza.
Kuta za mahekalu zimejaa maandishi, namwambia,
bali lile la kunong'onezwa, sikio kwa sikio,
wa mwisho alikwenda nalo.
Nalitamka jina la mungu wao, vibaya labda;
hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

Hajibu. Apasua bafta kwa meno.
Nami niliyekaa chuo kikuu miaka minne
sijui hata kafuri huingia maji ya ngapi.

Alfajiri nasikia mlango wa Sauda ukigongwa,
mjukuu, miaka kumi na tisa, simu imelala kifuani.
"Inuka. Ndoo unishikie kata."
"Naogopa, bibi."
"Hata mimi naliogopa. Vaa viatu."